Chupa Tatu na Kikombe Kimoja: kisa cha maji ya kunywa katika shule ya msingi ya mwambao wa Kigoma

Kisa hiki kimetoka katika shule ya msingi ya serikali kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Jina la shule, la kijiji na la kila mtu aliyehusika nimeliondoa, pamoja na mambo madogo ambayo yangemfanya mtu atambulike. Nilikuwa mwalimu wa sayansi pale, na kazi ya mwalimu wa afya nilikuwa nayo mimi. Kwa hiyo maamuzi mengi ninayoyachambua hapa ni yangu, yakiwemo mawili niliyokosea vibaya.

## Mazingira

Kijiji kimejibana kati ya milima na maji. Barabara haifiki. Anayekwenda mjini hupanda boti ya abiria asubuhi na mapema, na mgonjwa aliyezidiwa naye husafiri hivyo hivyo. Wanaume wengi huvua dagaa na migebuka usiku. Wanawake huanika dagaa mchangani, hulima muhogo na kukamua mawese.

Maji ya bomba yapo. Chanzo chake ni kijito kilichotegwa juu mlimani, yanashuka kwa mserereko hadi kwenye tangi, kisha kwenye vituo vichache vya kuchotea, na kimoja kiko jirani na uwanja wa shule. Mvua kubwa ikipiga, bomba hutoa tope au hukatika kabisa, na watu hurudi ziwani, ambako kwa nyumba nyingi ni hatua chache kutoka mlangoni. Humo humo ziwani ndimo wanamooga, wanamofua, wanamooshea vyombo na kuparia samaki.

Vyoo vya shule vilikuwa haba. Mwongozo wa shule nchini unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, nasi hatukuwa hata karibu na hapo. Mahali pa kunawia mikono hapakuwepo.

Kipindupindu huku si neno la kitabuni tu. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kinachozungukwa na milima na ziwa, ugonjwa ulilipuka. Kufikia mwishoni mwa mwezi ule wagonjwa walikuwa karibu 3,000 na waliokufa walizidi 30. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwabeba watu kuwapeleka Kigoma mjini. Wazazi wa wanafunzi wangu waliyaona hayo kwa macho, na ukitaja kipindupindu kwenye mkutano wa kijiji, watu hunyamaza.

## Kilichotokea

Ilikuwa Februari, katikati ya mvua. Bomba lilikatika siku tatu, likarudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha likatakata. Wiki iliyofuata daftari la mahudhurio la Darasa la Tano likaanza kuonesha mapengo: Jumatatu hawakufika wanafunzi tisa, Jumatano kumi na saba. Zahanati ikatuambia ni kuhara, wachache wakiwa na damu, na kwamba kipimo cha haraka hakikuonesha kipindupindu.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nasahihisha jaribio la sayansi. Mada ilikuwa magonjwa ya kuambukiza, na nilikuwa nimefurahi, kwani karibu darasa zima lilijibu sawasawa. Kisababishi cha kipindupindu? Bakteria. Njia za kujikinga? Kunywa maji safi na salama, kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, kutumia choo. Mwanafunzi mmoja alikuwa amepata zote na kuongeza, bila kuulizwa, kwamba maji yachemshwe mpaka yatokote.

Wakati wa mapumziko nilisimama mlangoni nikimtazama huyo huyo. Ndoo ya lita 20 ilikuwa kwenye kona, imefunikwa vizuri, na juu ya mfuniko pameinamishwa kikombe cha plastiki cha kijani. Alikuja mbio kutoka upande wa vyoo, akafunua, akazamisha kikombe mpaka vidole vyote vikawa ndani ya maji. Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki aliirudisha ndooni ili isimwagike bure, akafunika, akaweka kikombe mahali pake. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na kila alichofanya alikifanya kwa uangalifu: kufunika ndoo, kutopoteza maji, kurudisha kikombe. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wenzake zaidi ya kumi, na kila mmoja alifanya vivyo hivyo.

Nilipolipeleka jambo hilo ofisini, jibu la kwanza nililopata lilikuwa hili: "Lakini mwalimu, yale si maji ya ziwani. Ni ya bomba." Lilisemwa kwa nia njema kabisa, na nakiri kwamba mpaka siku ile hata mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo.

## Chupa tatu

Bwana afya wa kata alipokuja kufuatilia kuhara, nilimwomba vichupa vya kupimia maji. Alikuwa navyo vichache. Ndani ya kila kichupa kuna kikaratasi chenye dawa. Maji yakiwa na bakteria wa aina wanaoishi kwenye utumbo, bakteria hao hutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye dawa, maji hugeuka meusi. Husubiriwa siku moja hadi mbili. Kipimo hiki hakitaji ni vimelea gani, wala weupe wake si hati ya kwamba maji ni salama. Kinachosema ni kama kuna dalili ya kinyesi.

Tulijaza vitatu mbele ya darasa: kimoja maji ya ziwa, kimoja moja kwa moja kutoka bombani, kimoja kutoka ndoo ya darasani iliyojazwa asubuhi ile ile kwenye bomba lile lile. Kabla ya kuviweka juu ya kabati niliwaambia wanyooshe mikono: kipi kitageuka cheusi? Ziwa, walisema karibu wote. Bomba hapana. Ndoo hapana, maana ni maji ya bomba.

Siku ya pili asubuhi cha ziwa kilikuwa cheusi kama wino. Cha bomba kilikuwa hakijageuka rangi. Cha ndoo kilikuwa cheusi, hata ukivitazama viwili hivyo kwa mbali huwezi kujua kipi ni cha ziwa.

Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, labda umechanganya." Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nikampa yeye na wenzake watatu vichupa vingine viwili, wachote wenyewe, waandike lebo wenyewe, wavifungie kabatini na ufunguo wakae nao. Majibu yakawa yale yale. Msichana aliyekaa mbele akageuka, akakitazama kikombe cha kijani, wala sikuhitaji kusema neno.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukiondoa kikombe. Wengine ofisini walitaka tuanze na dawa ya maji, kwa sababu ndicho kila mtu anachokijua. Niliona kwamba maji ya bomba, siku yanapokuwa meupe, hayakuwa na shida mpaka yalipokutana na mikono yetu, kwa hiyo mahali pa kuziba ni pale. Kamati ya shule ilikubali kununua ndoo zenye koki, moja kwa kila chumba, na kila mwanafunzi akaleta kikombe au chupa yake. Waliokosa walipewa vya akiba kimyakimya.

Wa pili ulikuwa mikono. Kabla ya kujenga chochote nilifanya zoezi moja, ambalo ningemshauri kila mwalimu wa Kigoma alifanye kwa kuwa vifaa vyake viko kila jikoni. Wanafunzi walipaka mawese viganjani, wakanyunyiza majivu, wakasugua. Kundi moja likanawa kwa maji matupu, jingine kwa maji na sabuni. Waliotumia maji matupu walibaki na mikono myekundu yenye mistari ya majivu kwenye mikunjo na chini ya kucha, na kila walivyozidi kusugua ndivyo walivyozidi kuyasambaza. Hapo nikaeleza kwamba sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, na uchafu ulioganda kwenye mafuta ya ngozi, pamoja na bakteria, huondoka navyo. Sentensi ya "kunawa kwa sabuni" walikuwa wameikariri tangu Darasa la Tatu, lakini hakuna aliyewahi kuwaonesha kwa nini sabuni.

Kisha tukatengeneza vibuyu chirizi karibu na vyoo: dumu la lita 5 lililoning'inizwa kwenye mti, tundu, kamba, na kijiti cha kukanyagia kwa mguu ili mkono mchafu usiguse dumu. Sabuni ya kipande ilipotea siku ya kwanza. Sikumtafuta aliyechukua, nyumbani kwao pengine ilihitajika kuliko shuleni. Tulikoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, tukatoboa mfuniko, tukaifunga kwenye nguzo. Hiyo haikuibwa.

Wa tatu ulikuwa dawa ya klorini kwa siku ambazo bomba linatoa tope. Huu uliharibika.

Wa nne ulikuwa ramani. Huu uliharibika zaidi.

## Ramani

Nilikuwa nimewasimulia habari za John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854, kipindupindu kilipolipuka mtaa wa Soho, alifuatilia nyumba za waliokufa, akaona zinazunguka pampu moja ya Broad Street, na mkono wa pampu ile ukaondolewa; baadaye akavitia vifo hivyo alama kwenye ramani. Wanafunzi waliipenda. Wakaomba nasi tuchore ya kwetu. Nikakubali bila kufikiri. Wakachora kitongoji kizima kwenye karatasi ya manila, na kila nyumba iliyopata mgonjwa wa kuhara wakaitia nukta nyekundu. Nyumba moja ilikuwa na nukta nne. Niliibandika ukutani.

Siku tatu baadaye mama wa nyumba ile alikuja shuleni. Alinisalimia vizuri, nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Mwalimu, sisi tumekuwa ndio kuhara?"

"Mama, sijasema hivyo."

"Mwanangu anaitwa hivyo njiani. Anaitwa nukta. Leo amegoma kuja." Akanyamaza kidogo. "Choo hatuna, ni kweli. Tumechimba mara mbili tukakuta mwamba. Kama una nguvu za kuupasua, mwalimu, njoo uchimbe."

Sikuwa na la kusema ila kuomba radhi. Niliibandua ramani akiwa bado amesimama pale, na jioni nikaenda nyumbani kwake na mwenyekiti wa kitongoji kuomba radhi tena mbele ya mume wake na mtoto mwenyewe. Mtoto alirudi shuleni wiki iliyofuata, lakini mpaka anamaliza mwaka hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu.

Kosa lile halikuwa la adabu peke yake. Lilikuwa pia kosa la sayansi, na sayansi yenyewe ningeweza kuifundisha. Kwa kipindupindu, wengi wanaoambukizwa hawaoneshi dalili yoyote, na bado hutoa vimelea kwenye kinyesi kwa siku 1 hadi 10. Nukta nyekundu zilionesha nani ameugua. Hazikuonesha vimelea vimetoka wapi, na nyumba yenye nukta nne huenda ilikuwa mahali maji machafu ya wengine yalipoishia. Snow aliziunganisha nyumba na pampu, na alifika mpaka kuuliza kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hawakuugua, akakuta walikuwa wakinywa bia na maji ya kisima chao. Sisi tulichora nyumba bila kuchora vyanzo. Siku hizi ninapofundisha kisa hiki, wanafunzi huchora mabomba, mito, sehemu za ziwani za kuchotea, vyoo na mikondo ya maji ya mvua. Majumba ya watu hayachorwi kabisa.

## Matokeo

Kuhara kulipungua Aprili. Sidai kwamba ni kwa sababu yetu, maana mvua nazo zilikuwa zinakatika na hata vijiji jirani vilipata nafuu.

Ninachoweza kukisimamia ni kile tulichokipima. Tulirudia vichupa mwezi Juni kwenye ndoo zenye koki, na vyote havikugeuka vyeusi isipokuwa cha darasa moja. Tulipochunguza, tukakuta mfuniko wa darasa lile umepasuka na watoto walikuwa wakichota kwa juu ili wasisubiri foleni ya koki. Vilevile tulipima bomba asubuhi moja baada ya mvua, likiwa na rangi: kichupa kikawa cheusi. Darasa lilifurahi kuona kwamba bomba nalo halina heshima ya kudumu. Kila siku lina hali yake.

Kuhusu mikono, wanafunzi wawili wa zamu walikuwa wakihesabu kwa mbali, bila kuandika majina. Siku vibuyu vilipokuwa na maji, wengi walinawa. Siku vilipokuwa vikavu, hakunawa hata mmoja, wakiwemo wale waliofaulu vizuri kuliko wote. Ikabidi kujaza vibuyu kuwekwe kwenye ratiba ya usafi wa asubuhi pamoja na kufagia, na mwalimu wa zamu akague kabla ya kengele ya mstarini.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa kuruka-ruka. Msichana mmoja aliniomba kichupa kupima mtungi wa bibi yake. Bibi alimwambia, "Kikombe cha babu yako kimetuua lini?" Kichupa kilipogeuka cheusi, bibi hakusema neno siku mbili, kisha akatafuta upawa wa mti wenye mpini mrefu, akautundika kwenye msumari juu ya mtungi, na akakataza mtu mwingine yeyote kuchota. Nyumba nyingine hazikubadilika hata kidogo, na sababu zao nazijua: kuni za kuchemshia maji hutafutwa mlimani, na mama aliyetoka kuanika dagaa tangu alfajiri hana mkono wa tatu.

## Uchambuzi

Kosa letu la muda mrefu lilikuwa ndani ya maneno. "Maji safi na salama" tumelitamka kwa pumzi moja miaka mingi mpaka masikioni mwa mtoto likawa neno moja. Maji yanayong'aa kwenye ndoo iliyofunikwa ni safi, basi ni salama pia. Vichupa vilifanya kazi kwa sababu vilitenganisha maneno hayo mawili mbele ya macho yao, na kwa sababu walikuwa wamekwisha nyoosha mikono na kukosea. Ningewapa jibu kabla, wangeandika kwenye daftari na kwenda kunywa kwa kikombe kile kile.

Jambo la pili lililofaa ni kuanzia kwenye jambo wanalolijua. Kwetu ugali wa muhogo huliwa kwa mkono kutoka sinia moja, na nyumba nyingi hupitisha beseni moja, mtu wa kwanza ananawa, wa mwisho anachovya kwenye uchafu wa wote. Lakini wazee wetu walikuwa na desturi ya kunawishana: mtoto anasimama na birika, anammiminia mgeni, maji yanaanguka chini. Hayo ndiyo maji tiririka. Nilipowaambia wanafunzi kwamba kibuyu chirizi ni birika linalojimiminia lenyewe, hawakuona tena kwamba ni jambo la mradi au la wageni. Na kwa kuhara damu mikono ina uzito wa pekee: bakteria wa shigela wanaweza kumwangusha mtu hata wakiwa chini ya 100, ilhali wa kipindupindu kwa kawaida huhitajika kwa mamilioni, kwa sababu asidi ya tumbo huwaua wengi.

Klorini iliharibika kwa sababu niliiharakisha. Niliitia kwenye maji yenye tope, na tope huila dawa kabla haijafika kwa bakteria. Nikaongeza kipimo, harufu ikawa kali, watoto wakayakataa na kwenda kunywa ziwani wakati wa mapumziko, yaani nikawatoa kwenye hatari ndogo nikawapeleka kwenye kubwa. Juu yake ukazuka uvumi kwamba dawa inafunga uzazi. Ningepaswa kuyaacha maji yatulie usiku kucha, kuyachuja, kutia kipimo sahihi jioni na kuyaacha ili asubuhi harufu iwe imepungua, na kabla ya hayo yote kuwaita wazazi waone, waguse, na mimi ninywe wa kwanza mbele yao. Mwaka uliofuata tulifanya hivyo na hakuna aliyekimbilia ziwani.

Kwenye kuchuja kuna somo ambalo bado nalipenda kuliko yote. Bakteria wa kipindupindu hujishika kwenye vidudu vidogo vya majini viitwavyo kopepodi. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa vilipata kipindupindu pungufu kwa asilimia 48. Kuchuja huko hakuui bakteria, na si badala ya kuchemsha. Lakini mtoto wa mvuvi wa Tanganyika anaelewa mara moja, kwa sababu kopepodi ndio chakula cha dagaa. Tulichuja maji ya ziwa kwa khanga iliyokunjwa, tukaigeuza na kuisuuza kwenye sahani nyeupe, na wakaviona vidoa vinavyorukaruka. "Kumbe ndivyo dagaa wanavyovifuata kwenye taa," alisema mmoja.

Lililonisikitisha ni kinachofuata baada ya Darasa la Saba. Wanafunzi hawa wakifika Kidato cha Kwanza hukutana na mada ile ile ya afya na kinga ya mwili kwa Kiingereza. Wawili waliorudi likizo walinionesha daftari zao: orodha ndefu, iliyonakiliwa bila kosa, ya ugonjwa ambao hawakutambua kwamba ni kipindupindu. Nilikaa nao barazani tukaipitia, mstari kwa mstari, kwa maneno ya nyumbani.

Wakati naandika haya, koki ya Darasa la Tatu imevunjika. Ilivunjika Jumanne, na ya kubadilisha itakuja na boti mtu akienda mjini. Alhamisi nilipopita nilikuta juu ya ndoo pana kikombe cha plastiki, cha bluu safari hii. Nimekichukua nikakiweka mezani kwangu, na watoto wa Darasa la Sita wamechonga upawa wa mpini mrefu. Mmoja wao husimama pale kila mapumziko na kuwamiminia wadogo zake kwenye vikombe vyao mpaka koki ifike.